Kula Usiku Kabla ya Taarab Ngome Kongwe: Mwongozo kwa Anayekuja Unguja Mara ya Kwanza

Kila Februari inapokaribia, tamasha la muziki la Sauti za Busara likiwa mlangoni, maswali huwa yale yale. Jamaa kutoka Dar, Tanga na Mombasa wanauliza: tule wapi? Tule saa ngapi? Urojo unashibisha? Ndani ya Ngome hakuna chakula? Tamasha hilo limeanza mwaka 2004, na tangu nianze kupokea wageni wa muziki nimeyajibu maswali haya kwa mdomo mpaka nimeona bora niyaandike mara moja, kwa utulivu.

Mwongozo huu unafaa kwa usiku wowote wa muziki Mji Mkongwe, lakini nimeupanga kwa kufuata taarab asilia. Taarab ndiyo inayomwadhibu aliyekula vibaya. Onyesho la taarab asilia hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu, hakuna mwimbaji. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inadondoka, fidla zinaingia pamoja, udi unajibu, kodiani inajaza kwa nyuma. Anayeingia mlangoni na mfuko wa chipsi wakati huo ameshapoteza robo ya usiku wake, na amewapotezea wengine pia.

Uwe na nini kabla ya kutoka

Fedha taslimu, na ziwe noti ndogo: elfu moja, elfu mbili, elfu tano. Noti hizi zina kazi mbili. Kwanza, muuza mishikaki mara nyingi hana chenji ya elfu kumi mwanzo wa jioni. Pili, kwenye taarab utataka kutuza. Msikilizaji anayeguswa na beti huinuka, huenda taratibu mpaka jukwaani, humpa mwimbaji noti na kurudi kitini. Ukiwa na noti moja kubwa tu utabaki umekaa, na moyo unataka kwenda.

Fahamu nyakati mbili: saa ambayo milango inafunguliwa, na saa ambayo kundi unalolitaka linapanda jukwaani. Zinatofautiana, hasa wakati wa tamasha ambapo makundi ni mengi kwa usiku mmoja. Muulize anayekuuzia tiketi.

Chukua khanga moja ya ziada, hata kama wewe ni mwanamume. Uwanja wa ndani wa Ngome hauna paa, na ngazi za kukalia ni ngumu. Khanga ni mto, ni shuka ya upepo wa bahari, na ni kitambaa cha kufutia mikono ukikwama. Vaa viatu vya kutembea, kwani vichochoro vina mawe na madimbwi. Na valia kwa stara. Huu ni mji wa watu wanaokwenda msikitini mara tano kwa siku, na utakuwa ukipita mbele ya milango yao.

Hatua

1. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya bashraf.

Tuseme kundi linaanza saa mbili kamili usiku. Unataka kuwa umekaa saa mbili kasorobo. Basi uwe mlangoni saa moja na nusu, kwa sababu kuna foleni na mikoba inakaguliwa. Kutembea, kunywa kahawa na kunawa mikono kunakula nusu saa. Maana yake sahani iwe tupu saa moja kamili.

Hapo ndipo wageni wengi hukosea: saa ya kula inaangukia maghrib. Unguja jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika hamsini, kutegemea mwezi. Adhana ikilia, mpishi anaweza kuliacha jiko na kwenda kusali, na hoteli nyingine hufunga mlango kwa dakika kumi na tano. Hana kosa. Wewe ndiye unayepaswa kupanga. Ama agiza na ule kabla ya adhana, kama saa kumi na mbili kamili, ama subiri watu watoke msikitini. Ukifika katikati ukaanza kulalamika, utakuwa umeharibu adabu yako na jioni yako kwa pamoja.

2. Amua: wali wa hoteli au vitafunio vya Forodhani.

Usijaribu vyote viwili usiku mmoja kabla ya muziki. Tumbo halitoshi na muda hautoshi.

Hoteli ya wali ni kwa aliye na njaa ya kweli. Hoteli hapa maana yake ni mahali pa kula, si pa kulala. Mgeni mkimwelekeza, mpelekeni Lukmaan, kule Mkunazini, chini ya mbuyu mkubwa karibu na kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Unaingia, unakwenda mpaka kwenye sinia zilizopangwa, unaona kwa macho yako: wali wa nazi, pilau, biriani, samaki wa kupaka, mchuzi wa pweza, maharagwe ya nazi, mchicha, chapati. Unanyooshea kidole. Hakuna pombe, watu hawakai sana, na hicho ndicho unachokihitaji usiku wa muziki.

Forodhani ni kwa aliye na njaa ndogo na hamu kubwa. Bustani iko mbele ya bahari, na Ngome Kongwe iko ng'ambo ya barabara tu. Wauzaji huanza kupanga meza jua linapokaribia kuzama, taa zinawashwa, moshi wa makaa unapanda. Ukila hapa, ukumbini unafika kwa dakika tatu. Ukila Mkunazini, hesabu dakika kumi hadi kumi na tano kwa miguu.

Wengi wanaokuja kwa mara ya kwanza hukimbilia Forodhani kwa sababu wameiona kwenye picha. Mimi nawaambia: kama umeshuka boti ya jioni kutoka Dar na tangu asubuhi hujala cha maana, nenda ukale wali. Forodhani itakusubiri kesho.

3. Ukichagua wali, agiza kama mtu anayekwenda kukaa saa tatu.

Wali wa nazi, kipande cha samaki, mchicha, maharagwe kidogo. Basi. Biriani nalipenda kama mtu yeyote wa pwani, lakini biriani ni chakula cha mchana wa Ijumaa, cha kufuatiwa na mkeka na usingizi. Mwaka mmoja nilikula sahani iliyojaa, na nyama ya kuongezewa, saa moja na nusu usiku. Wimbo wa pili ulipoanza nilikuwa nimeegemea ukuta, macho mazito, na nilichokumbuka kesho yake ni makofi. Mpaka leo sijaupata tena wimbo ule ukiimbwa jukwaani na mwimbaji yule.

Omba nusu sahani kama wanakubali. Sema tu, "Nitilie kidogo, nakwenda kwenye taarab." Watu wa hoteli wanaelewa mara moja, na mara nyingine atakuuliza nani anaimba.

*Angalia:* mchuzi wa kukolea pilipili kwa mtu asiyeuzoea si jambo la kujaribia usiku huu. Vyoo vya ukumbini wakati wa mapumziko vina foleni ndefu.

4. Ukichagua Forodhani, zunguka kwanza, mikono mfukoni.

Pita meza zote mara moja bila kununua. Utaitwa. Utaambiwa karibu, onja, hiki ni pweza, hiki ni ngisi, hiki ni kaa, hiki ni papa. Jibu salamu kwa heshima, sema "nitarudi inshallah," endelea. Mapapasi watakaotaka kukupeleka kwenye meza fulani wanalipwa na meza hiyo, kwa hiyo asante inatosha.

Unapozunguka, tazama vitu viwili. Cha kwanza ni wapi wenyeji wenyewe wamejipanga. Mama na watoto wake watatu wamesimama kwenye meza moja huku jirani yake hana mtu: hiyo ni habari tosha. Cha pili ni jiko. Mishikaki ya ng'ombe ikiwekwa mbichi juu ya makaa mbele yako, mafuta yakadondoka, moto ukaruka, ikageuzwa, ikapepewa na ungo au kipande cha boksi, hiyo kula. Samaki na pweza waliopangwa kwenye vijiti wakiwa wameshaiva tangu mchana, kisha wanapashwa moto tu ukishalipa, hao waache. Pweza aliyepashwa mara ya pili ni mgumu kama kandambili, na hilo ndilo dogo katika madhara yake. Niliwahi kula wa namna hiyo kwenye meza moja ambayo haipo tena, na usiku ule sikufika ukumbini kabisa.

Bei uliza kabla ya kijiti kuguswa. Uliza kwa Kiswahili na kwa umoja: "Mshikaki mmoja shilingi ngapi?" Ukiuliza "hivi vyote ngapi?" sahani itajazwa na hesabu utaletewa mwisho.

Chakula kinachowafaa wengi kabla ya muziki ni mishikaki miwili au mitatu, muhogo wa kuchoma, kachumbari, na kipande cha mkate wa ajemi au mkate wa ufuta. Ule mkate mwembamba unaokunjwa kwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai kisha ukakaangwa juu ya chuma, unaoitwa Zanzibar Pizza, ni mtamu, na watu wa Mombasa watamtambua ndugu yake, mkate wa mayai. Lakini foleni yake inakwenda polepole kwa sababu kila mmoja unatengenezwa peke yake. Kama una nusu saa tu, usipange foleni hiyo.

5. Urojo: ule kwa heshima yake.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Urojo ni mchuzi mzito wa unga, wa rangi ya manjano, uchachu wake unatokana na embe mbichi au ndimu. Ndani hutiwa viazi, bajia, kachori, mishikaki, wengine yai la kuchemsha, juu chipsi nyembamba za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Wengine huuita Zanzibar mix.

Unashibisha? Ndiyo, bakuli moja linamtosha mtu wa kawaida kwa saa tatu. Na haulazi mtu usingizi kama biriani. Kwangu mimi hiki ndicho chakula bora cha kabla ya taarab, kwa sharti kwamba unaula umekaa.

Namna ya kuagiza ni rahisi. Msalimie: "Shikamoo bibi." Ataitikia, "Marahaba mwanangu, nikutilie kila kitu?" Useme, "Kila kitu, pilipili kidogo." Ukisema "kila kitu" tu ukanyamaza, pilipili nayo ni kitu. Chipsi za muhogo ziombe ziwekwe mwisho, na uanze kuzila hizo kabla hazijanywea. Bajia ziache zilowe. Kachori ivunje kwa kijiko katikati, kiazi chake kinywe mchuzi.

*Angalia:* manjano ya urojo hayatoki kwenye kanzu nyeupe. Usile umesimama, usile unatembea, na usilikubali bakuli laini la plastiki lililojazwa hadi ukingoni. Tandika khanga mapajani kwanza. Nimeona kijana aliyevaa vizuri kwa ajili ya mchumba wake akiingia ukumbini ameshikilia kofia mbele ya kifua usiku mzima.

6. Kinywaji: kimoja, na mapema.

Juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yako kwa mashine, pamoja na ndimu na tangawizi, ndiyo kinywaji cha Forodhani. Ikiwa tumbo lako ni jepesi, iombe bila barafu. Juisi ya ukwaju nayo ni nzuri, ila tayari umekula urojo wenye uchachu, na viwili hivyo pamoja huwasha kifua. Maji ya chupa nunua nje.

7. Kahawa, kama muda upo.

Ukiwa umekula Mkunazini, njia yako ya kwenda Ngome inaweza kupitia Jaws Corner, pale Soko Muhogo, ambapo wazee hukaa kwenye baraza wakicheza bao na domino na kubishana siasa. Kikombe ni kidogo, kahawa ni chungu, haina sukari, na birika liko juu ya makaa. Kashata au halua ndiyo utamu wake. Toa salamu kwa baraza nzima, si kwa muuzaji peke yake. Kikombe kimoja kinakata mafuta ya chakula na kukufungua macho.

Ukisikia wazee wanazungumzia taarab, tega sikio. Hapo ndipo utakapomsikia mtu akitetea Ikhwani Safaa, klabu ya taarab ya tangu mwaka 1905, na mwenzake akitetea klabu ya Culture, iliyoanzishwa mwaka 1958, na kila mmoja akitaja beti alizozisikia akiwa mtoto.

Kutoka hapo fuata njia ya Kanisa la Minara Miwili, kisha Gizenga, na utatokeza ubavuni mwa Ngome.

8. Nawa, panga noti, ingia.

Nawa kwa sabuni, si kwa tishu. Mkono wenye mafuta ya mishikaki utachafua khanga ya jirani, na utachafua noti utakayompa mwimbaji. Tenganisha fedha: za kurudi nyumbani mfuko mmoja, za kutuza mfuko mwingine ulio rahisi kufikia. Zima mlio wa simu. Usipange kuingia na chakula mkononi. Hata pale ambapo hakuna atakayekuzuia mlangoni, mfuko wa karatasi unaochakura karibu na fidla unaumiza masikio.

Kaa. Tazama kuta hizo walizojenga Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Wapiga ala watakuwa wanalinganisha nyuzi.

Kama si taarab asilia

Kwa taarab ya kisasa, rusha roho, geuza hesabu yote. Huanza usiku wa kati na kuendelea hadi usiku mkubwa, na watu wanacheza, hawakai. Hapo kula saa mbili au saa tatu, kula vya kutosha, na wali hautakuwa mzigo. Kwa makundi ya tamasha yanayopigwa kwa kusimama, kula kama nilivyosema juu, ila beba maji zaidi.

Ramadhani usipange safari ya taarab. Taarab hunyamaza mwezi mzima na kurudi Sikukuu. Mchana hoteli zimefungwa, na usiku ni wa futari na ibada.

Mambo yakiharibika

*Chakula kimechelewa na saa imekwisha.* Mwambie mhudumu ukweli: "Ndugu yangu, muziki unaanza, nifungie." Lipa, kifungwe, mwachie aliye nje au ukile baada ya onyesho. Usiketi ukisubiri sahani huku bashraf inapita. Nunua ndizi mbili na maji, ingia.

*Pilipili imekuzidi.* Maji hayasaidii. Mkate mkavu, au kipande cha muhogo, na utulie.

*Tumbo limeanza kunguruma.* Tangawizi ya moto bila maziwa, na ukae pembeni mwa safu, karibu na njia. Likizidi, usione haya kutoka. Lakini toka wimbo ukiisha, wakati wa makofi.

*Umedaiwa zaidi ya ulichopatana.* Usipandishe sauti. Hesabu vijiti mbele yake, kimoja kimoja, taja bei mliyopatana, mpe fedha kamili. Hapa noti ndogo zinakuokoa, kwa sababu hakuna chenji ya kukushikia.

*Mvua.* Masika ni Machi hadi Mei, na vuli nayo huja na manyunyu yake. Meza za Forodhani hufunikwa haraka na makaa huzimwa, kwa hiyo wingu likitanda tangu alasiri, nenda kwenye hoteli yenye paa. Onyesho la wazi linaweza kusogezwa mbele. Muulize mlinzi wa mlango kabla ya kukata tamaa.

*Umepotea vichochoroni.* Usifuate ramani ya simu kwenye kuta ndefu, inababaika. Mwulize mama aliyekaa barazani: "Shikamoo, Forodhani ni wapi?" Ukifika baharini, Ngome iko mgongoni mwako.

*Mtoto amelala kabla ya muziki kuanza.* Mpe chakula saa kumi na moja jioni, kabla yako, na umlaze kwenye ile khanga ya ziada. Watoto wengi wa Unguja wamelelewa na sauti ya kanuni wakiwa wamelala mapajani mwa bibi zao, na akiamka katikati ya wimbo, mgeuze atazame jukwaani.